Uzi Mwekundu Chini ya Usukani

Fundi cherehani alikuwa amelala chali ndani ya gari lake, miguu ikining'inia nje ya mlango, kichwa chini ya usukani, tochi ndogo ameibana kwa meno. Kifuani aliweka kisanduku cha king'ora kipya, kidogo kama kipande cha sabuni, na waya zake za rangi rangi zilimwagikia shingoni.

Gari la jirani lilikuwa limeibwa mchana kweupe, mbele ya lango, mwenyewe akiwa mezani anakula. Tangu siku hiyo fundi hakushona kwa raha. Kila mlango wa gari uliposikika barabarani aliacha cherehani na kuchungulia dirishani. Gereji hakutaka kwenda. Mara ya mwisho alipeleka gari lenye betri nzima, likarudi na betri iliyokufa. Basi akanunua king'ora, akatazama video za mafundi umeme jioni baada ya jioni, akisimamisha na kurudisha nyuma, mpaka mkewe akalalamika kwamba sauti za watu wale zinamfuata hadi usingizini.

Kazi aliifanya kwa namna aliyoijua yeye. Katika ushonaji, nguo haipelekwi kwenye cherehani kabla ya kupigwa bandi, yaani mshono mrefu wa mkono, wa muda tu, unaoshikilia kitambaa mpaka mshono wenyewe upite. Kisha bandi inafumuliwa. Waya nazo alizipiga bandi. Kila kiungo alikisokota kwanza kwa vidole, akakifunga uzi, akajaribu kama kinafanya kazi. Akiridhika, alifungua uzi, akaubandika kifuani mwa shati lake kama alivyozoea, akakichoma kiungo kwa risasi iliyoyeyushwa na kukivika utepe mweusi.

Waya za taa, za milango na za honi alizifunga uzi mweupe. Mmoja tu aliufunga uzi mwekundu: waya wa pampu ya mafuta. Huo alikuwa ameukata katikati na kuupitisha kwenye king'ora, ili mwizi akiondoka na gari injini imzimikie njiani. Aliupa rangi yake makusudi. Ukiachia huo, injini inakufa hapo hapo, gari liwe limesimama au linakwenda. Aliuacha uwe wa mwisho, autulizie akili.

Alikuwa amewasha gari, amelizima, ameliwasha tena, na chuma cha kuyeyushia risasi kilikuwa kimeanza kupata moto, mkewe alipotoka ndani kwa haraka.

"Baba watoto, gari linawaka?"

"Linawaka."

"Basi toka humo. Mama anasema jicho limeanza kufunga kama pazia. Nimempigia daktari, kasema aletwe sasa hivi, tusingoje miadi ya jioni."

Mama mkwe alikuwa tayari kibarazani, jicho moja amelifunika kwa kitambaa, mkoba kwapani.

"Mwanangu, huyo mdudu wako umeshamfunga?"

"Bado kidogo tu, mama."

"Nikipiga chafya hatanipigia kelele?"

"Hapana, mama. Kelele ni za mwizi."

"Sijui. Na hili jicho nililoziba, atanidhania jambazi."

Fundi alicheka. Alicheka huku akirudisha kifuniko cha chini ya usukani, akikaza skrubu, akikusanya koleo na vipande vya waya. Alimfungulia mama mkwe mlango wa mbele, akamfunga mkanda. Mkewe alimwonyesha rimoti.

"Nabonyeza hapa kufungua, hapa kufunga?"

"Hapo hapo. Na njiani usishike simu."

"Lini umeniona nimeshika simu njiani? Umeniapisha kama shahidi mahakamani."

Ni kweli alimwapisha. Gari likatoka langoni, likapinda, likapotea.

Fundi aliingia ndani akanawa mikono. Kisha, kama alivyofanya kila alipomaliza nguo, alianza kuchambua nyuzi kifuani mwa shati. Mweupe. Mweupe. Mwingine mweupe. Alizifinyanga kwa vidole ziwe kijidonge cha kutupa, na mkono ukasimama njiani.

Mwekundu haukuwepo.

Alitazama tumbo la shati na mikunjo ya mikono. Alivua viatu akatazama nyayo. Alitoka uani, akainama pale gari liliposimama, akapapasa changarawe kwa viganja. Alipekua kisanduku cha vifaa, kisha akakimwaga chote chini. Alijua asingeupata. Alijua tangu mkono uliposimama, ila vidole viliendelea kutafuta.

Uzi ulikuwa ndani ya gari, umefungwa kwenye waya uliosokotwa tu, na mkewe alikuwa anaelekea hospitali.

Njia ya hospitali aliyoizoea mkewe ilishuka mteremko wa machimbo. Fundi aliona vyote kwa pamoja: mashimo ya mwanzoni yanayotikisa gari zima, kisha kona, kisha ule mteremko mrefu wenye malori ya mawe mbele na nyuma. Injini ikifia pale, breki inakuwa ngumu kama kukanyaga ukuta, na usukani unakataa. Mkewe hakuwahi kuzimikiwa na gari akiwa mwendoni. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini.

Alimpigia mkewe simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, akijua iko ndani ya mkoba wake, kwenye kiti cha nyuma, mahali alipoagiza mwenyewe iwekwe. Akapiga ya mama mkwe. Simu ikaita sebuleni, nyuma yake, juu ya kochi, ikiwa kwenye chaji.

Alichukua koleo na utepe, akakimbia. Langoni alikumbuka kile chuma kilichokuwa kwenye umeme, akarudi, akakichomoa, akakimbia tena.

Kwenye kona alikuwepo dereva wa pikipiki waliyemwita Breki, kwa kuwa alikuwa hazitumii.

"Fundi, mbona peku?"

Fundi alitazama miguu yake. "Twende hospitali. Kwa njia ya machimbo."

"Njia ya juu fupi."

"Nataka ya machimbo. Nawafuata watu."

Breki akawasha pikipiki. Kwenye mashimo fundi alihisi kila mtikisiko mgongoni, na kila mtikisiko aliuhesabia kule chini ya usukani: hapa umelegea, hapa umelegea zaidi. Alitazama mtaroni kushoto, akatazama mtaroni kulia.

"Unanikaba, fundi. Shika kiuno, shingo niachie."

Mwanzo wa mteremko magari yalikuwa yamesongamana. Chini kabisa, pembeni mwa barabara, watu walikuwa wamekusanyika kukizunguka kitu.

"Nini kile?" fundi aliuliza.

"Macho ninayo kama wewe. Ngoja tufike."

Breki alipenya kati ya malori. Fundi alijaribu kuona kupitia miguu ya watu: gurudumu, chuma, kitu cheupe. Gari lake lilikuwa jeupe. Walipofika aliona lori limekaa upande, tairi limepasuka, dereva wake ameketi juu ya mfuko mweupe wa saruji anakunywa maji, na watu wanabishana namna ya kuinua jeki.

"Kuna gari dogo jeupe limepita hapa?" fundi aliwauliza. "Mwanamke anaendesha, na mama mtu mzima?"

"Bwana, magari madogo meupe yamepita mengi," mmoja alimjibu. "Lako lina nini?"

Fundi alimgusa Breki begani, wakaendelea.

Gari lilikuwa kwenye maegesho ya hospitali, limenyooka kati ya mistari. Fundi alishuka akaligusa boneti kwa kiganja, akabaki ameshikilia hivyo. Mkewe alimkuta hapo alipotoka kuchukua mkoba wa mama yake.

"Baba watoto? Umekuja peku?"

"Mama?"

"Yuko kwa daktari. Wanasema tumewahi, watamfanyia upasuaji kesho asubuhi. Kuna nini?"

"Nifungulie. Nimulikie kwa simu yako."

Alilala chali, akafungua skrubu. Mkewe aliinama na simu, akaona jinsi ilivyojaa miito yake. Kifuniko kilipotoka, waya wa pampu uliteremka mbele ya uso wa fundi. Msokoto ulikuwa umefumuka wote. Ncha mbili zililala ubavu kwa ubavu, zikigusana kwa sababu moja tu: uzi mwekundu, uliozungushwa mara kadhaa na kupigwa fundo la kishonaji.

"Uzi huu ndio uliowaleta," alisema. "Kiungo sikukichoma. Nilisahau, nikawaacha mwondoke."

Mkewe alisogeza mwanga karibu na fundo.

"Pale mteremkoni gari lilikata," alisema. "Likanyamaza, likashtuka, likawaka lenyewe. Nyuma yangu lori. Mama akasema, mdudu wa mumeo kapiga chafya. Nikacheka."

Fundi alifumba macho. Kisha aliung'oa waya wa king'ora kabisa, akaziunganisha ncha za asili moja kwa moja, akazisokota kwa koleo mpaka zikaumana, akazivika utepe tabaka juu ya tabaka, akavuta kwa nguvu zote ajaribu.

"Na mwizi je?" mkewe aliuliza.

"Akija atalikuta."

Mama mkwe alitoka jicho limefungwa bendeji, ameshikwa mkono na muuguzi. Alimkagua mkwewe kwa jicho lililobaki, kuanzia miguuni.

"Mwanangu, viatu vimeibwa?"

Fundi alimtazama mkewe.

"Mwambie," mkewe alisema.

Akamwambia yote, taratibu, bila kujitetea. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Uzi wenyewe ni ule unaonishonea magauni?"

"Ndiyo, mama."

"Gauni langu la bluu liliniachia mshono harusini, mbele ya watu." Aliingia kwenye gari, akavuta mkanda mwenyewe. "Kumbe nyuzi nzuri unafungia waya. Haya, endesha. Na hiyo njia ya machimbo leo basi, tupite juu."

Fundi alipita juu. Kwenye kila shimo alipunguza mwendo, na mkewe, kiti cha nyuma, alikuwa ameshika simu mkononi.