Sumukuvu kwa Mama Mkwe

Kuku wa mwisho alikufa Jumamosi asubuhi, shingo imejipinda hadi mgongoni. Nikuze akamtupa katikati ya uwanja ili majirani aliowaita wamwone vizuri.

"Chanjo ya mkwe wangu hiyo! Thelathini na wawili, kabakiza manyoya!"

Kokushubira alisimama kando ya migomba, kiboksi cha chanjo begani. Yeye ndiye mchanjaji wa kuku hapo kitongojini Songambele. Mwezi uliopita alidondosha tone moja jichoni mwa kila kuku wa mama mkwe wake, kisha akavuka njia na kuimalizia chupa ileile kwa jirani, Karekezi. Kideri, ule ugonjwa unaopinda kuku shingo, kilipoingia, kwa Karekezi hakuumwa hata kifaranga. Kwa Nikuze kilifagia.

Alijua sababu, na ndiyo aibu iliyomchoma. Siku ile ya chanjo alifunua kiroba bandani, akakuta mahindi yenye vumbi la kijani, yananuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Huku karibu kila nyumba huchambua: mahindi safi ya ugali, yaliyoota ukungu ya kuku; Karekezi tu ndiye hulisha pumba safi. Mafunzoni alifundishwa kwamba ukungu huo hutoa sumukuvu. Kuku anayeila hutembea, hutaga, lakini kinga yake imelegea, na chanjo haimshiki. Ila mke wa miezi saba, Mhaya wa Muleba aliyeolewa kwa wahamiaji, angemwambiaje mama mkwe kwamba mahindi yake yameoza? Alikifunika kiroba, akaketi, akala ndizi alizopikiwa, akazisifu.

"Mama, shikamoo."

"Shikamoo ya msiba? Kwenu Muleba dawa ni ya kuku wa wenyewe, sisi wa kuja mnatudondoshea maji!"

Watu wakacheka. Mzee Evaristi, balozi wa nyumba kumi, akamsogelea. "Mwanangu, omba radhi yaishe. Neno moja tu, tukanywe rubisi ya ndizi."

Alitaka kupiga magoti. Lakini nyuma ya mzee walikuwepo wanawake watatu wa kitongoji cha pili, ambako kideri hakijafika. Walikuja kumwomba akawachanjie kesho, na sasa walikuwa wakijifunga vitenge waondoke. Radhi yake ingekuwa kukiri kwamba chanjo ni mbovu; wangeikataa, na kuku wao wangekufa wote.

Akaingia bandani, akakikokota kiroba, akakimwaga uwanjani. Vumbi la kijani likaruka. Karekezi akapiga chafya. Hakuna aliyecheka.

"Walikuwa wanakula haya. Chanjo ni nzima, kinga yao ndiyo iliyoliwa na ukungu. Niliyaona siku ile nikanyamaza, nikaogopa ukwe. Naona aibu, na mtanisema mkitaka."

Mmoja wa wale wanawake aliinama, akanusa punje, akaitupa. "Hata mimi nawapa haya," alisema polepole. "Kesho uje, mwalimu."

Nikuze alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Kokushubira. Niombe radhi."

"Nitakuletea mitetea yangu minne, mama, na mahindi nitakuchambulia mwenyewe. Radhi siombi."