Mahari ya Giaboksi

Mama hunywa chai yake ya asubuhi ndani ya gari. Baba hufungua lango, Mama huketi mbele na kikombe kisicho na kifuniko, mimi huketi nyuma na mkoba wangu, kisha tunashuka taratibu kutoka Kibomet hadi mjini Kitale. Njiani tunamchukua Mwalimu Wabwile, ambaye tunafundisha naye shule moja. Tukifika kwenye duka la Baba la mbegu na mbolea, kikombe huwa kitupu. Mama hujisifu kanisani kwamba hajawahi kumwaga hata tone, na kwamba hiyo ndiyo raha ya gari la otomatiki: halina klachi, linabadilisha gia lenyewe na mtu hata hajui.

Jumanne moja tulijua. Gari lilikuwa linatoka gia ya kwanza kwenda ya pili, likapiga teke. Chai yote iliondoka kikombeni ikatua kwenye koti la Baba.

"Baba Wamboi," Mama alisema polepole, "umegonga nini?"

"Sijagonga kitu."

"Basi kuna kitu kimetugonga."

Gari likaingia gia ya tatu. Teke lingine. Sote wanne tuliinamisha vichwa kwa pamoja, kama watu walioambiwa tuombe.

Baba alisema ni barabara. Kesho yake, kwenye lami mpya isiyo na shimo hata moja, alisema ni mafuta ya kituo kile cha petroli. Siku iliyofuata alisema huenda kiti cha mbele kimebeba uzito mwingi.

"Yaani nimenenepa usiku mmoja?" Mama aliuliza.

Baba alikaza macho barabarani. Mama naye aligundua jinsi ya kulipiza. Alisikiliza injini ikipanda sauti, na kabla tu gia haijabadilika akauliza, "Baba Wamboi, si utaninunulia friji?" Teke. Kichwa cha Baba kikainama na kuinuka. "Asante. Mwalimu ni shahidi, amekubali."

Wabwile alicheka mpaka akaficha uso kwenye vitabu vyake. Nilimwangalia kidogo kwa pembe ya jicho, kisha nikaangalia dirishani, na mashamba ya mahindi yote yakaonekana mazuri kuliko jana.

Ukweli ni kwamba mimi peke yangu niliipenda hitilafu ile. Wabwile hubeba vitabu vya mazoezi ya hisabati mapajani, rundo zima. Kila teke liliviangusha, tukainama wote wawili kuviokota, na mikono yetu ikakutana chini ya kiti cha Baba. Alikuwa akisema "pole, Mwalimu," na mimi nikitikisa kichwa tu. Tulisoma chuo kimoja kule Kibabii na sikuwahi kumsalimia. Darasani ninafundisha Kiswahili bila kigugumizi, kwa kuwa maneno ni ya kitabu. Maneno yangu mwenyewe ndiyo yanayonishinda. Kwa hiyo kila asubuhi niliomba gari lisipone, kisha nikatubu, kisha nikaomba tena.

Fundi wa pale Kitale aliliendesha, akashuka akitikisa kichwa kama daktari. Akasema giaboksi imekwisha, inunuliwe nyingine nzima. Jioni hiyo Baba hakumaliza githeri yake. Wabwile alipopata habari alisema kwao Bungoma kuna mafundi wa magari ya otomatiki, angetutafutia mmoja. Tukakubaliana twende Jumamosi. Baba alisema niende pia, ati nisaidie kuelewa maneno ya fundi. Sikuuliza kama fundi wa Bungoma huongea Kiswahili kigumu. Nilivaa rinda langu la kijani.

Tulipita Kiminini tukiinama na kuinuka. Mama alikuwa na furaha ya safari, na Mama akiwa na furaha huuliza watu maswali.

"Mwalimu, na wewe sasa umefika umri. Unangoja nini? Ama vijana wa siku hizi mnaogopa kuanza?"

Wabwile alitabasamu tu. Alikuwa akimwangalia Baba, ambaye alishika usukani kama anayeshika ng'ombe mkali. Tulikuwa tunateremka kuelekea daraja la Kamukuywa. Halafu Wabwile akasogea mbele na kusema, kwa sauti ya heshima ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

"Mzee, nimekuwa nikiogopa kukuambia mapema. Lakini usiwe na wasiwasi. Mahari iko. Nimeitafuta nikaipata. Wewe ukikubali, hii maneno tunamaliza leo."

Gari likavuka daraja, likaanza kupanda, likabadilisha gia. Kichwa cha Baba kikainama na kuinuka.

Mama alitoa sauti ndogo kooni, mwanzo wa vigelegele, akaimeza.

Lazima nieleze shida yangu. Wabwile ni mtu wa upande wa Sirisia, na kwake l na r hubadilishana viti bila kuomba ruhusa. Baba yangu naye ni Mkikuyu; kwake mahali pa kukaa na mahari ya binti hutamkwa sawasawa. Kwa hiyo masikio hayakunisaidia. Nikakimbilia sarufi. Mtu akisema mahali, yaani pale pa kupeleka gari, atasema mahali papo, nimepatafuta. Akisema mahari ya kuoa, atasema mahari iko, nimeitafuta. Wabwile alisema iko. Alisema nimeitafuta. Kwa sarufi ya Kiswahili sanifu, nilikuwa nimechumbiwa.

Lakini Wabwile husema "iko" kwa kila kitu chini ya jua. Wiki ileile nilimsikia akisema "mwalimu mkuu iko ofisini."

Moyo wangu ulikuwa ukipiga teke kuliko gari. Nilitaka kucheka na kulia na kufungua mlango nikimbie katikati ya mahindi. Nilikunja leso yangu mpaka ikawa ndogo kama biskuti.

Mama aligeuka kabisa kwenye kiti chake. "Na watu wako wanajua?"

"Binamu yangu Bethwel anajua, mama. Tangu jana anatungoja."

"Ni mkubwa wenu?"

"Kwa hiyo kazi ndiye mkubwa. Haharakishi. Anaangalia vizuri kwanza. Akisema iko sawa, jua iko sawa."

"Hana shida yoyote," Mama alisema akiniangalia, kidogo kwa hasira. "Aangalie vile anataka."

"Ni vile tu amenyamaza sana," Baba akaongeza.

"Anapiga kelele wakati wa kubadilisha, mzee," Wabwile alisema kwa upole. "Vile vingine iko sawa."

Mama alinitazama. Nikatazama biskuti yangu ya leso.

Kisha wazazi wangu wakaanza kunong'ona kwa Kikuyu. Baba alitaka kujua tangu lini wazazi wa msichana wakapanda gari kwenda kwa kina mvulana, badala ya kukaa nyumbani waletewe mbuzi. Mama alisema kila kabila lina njia zake, na kwamba Baba alipokubali kwa kichwa pale darajani alipaswa kufikiria hayo. Baba alisema kile hakikuwa kichwa, ilikuwa giaboksi. Mama akasema Mungu hutumia chochote.

"Lakini hatuwezi kufika mikono mitupu," Mama akamaliza. "Simama hapo sokoni."

Baba hapendi kusimama siku hizi, kwa sababu ya teke la kuondoka. Siku hiyo alisimama. Tukatoka soko la Kamukuywa na mkungu wa ndizi, mikate, sukari na kuku jike aliyefungwa miguu. Wabwile alisaidia kupakia akishangaa.

"Hii yote ni ya nani, mzee?"

"Ya Bethwel."

"Eh. Bethwel atafurahi sana. Watu humletea magari tu."

"Wana magari mengi huko kwenu?" Baba aliuliza, na sauti yake ilikuwa na heshima mpya.

"Yamejaa, mzee. Mengine hayana hata magurudumu."

Kutoka Kamukuywa hadi Chwele, kuku alikuwa miguuni kati yangu na Wabwile, na kila gia ilipobadilika alilia. Wabwile alimtuliza kwa kumwekea mkono mgongoni. Nilimwonea wivu kuku.

Gereji ya Bethwel iko nje kidogo ya mji wa Bungoma, nyuma ya duka la vyuma. Bethwel alitoka chini ya lori akiwa na ovaroli nyeusi kwa oili na tabasamu la mtu mnene anayependa wageni. Baba alishuka, akafunga vifungo vya koti, akasubiri Mama na kuku wasimame kando yake.

"Bethwel," Baba alianza kwa sauti ya kanisani, "sisi ni watu wa Kitale. Huyu kijana wenu ametuambia mambo ya mahari. Sisi hatuna ubaya. Tumekuja tuone kwa macho."

"Karibuni sana, mzee. Ndiyo hii."

Alizungusha spana yake hewani, akionyesha uwanja mzima. Baba aliangalia lori, akaangalia mapipa, akaangalia injini iliyokaa juu ya matairi. Nilijua anatafuta ng'ombe.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii mahari. Kuna ingine pale mbele watu wanapelekanga gari zao, lakini wanarudi hapa wakilia."

Kuku alilia peke yake. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Niliona mabega yake yakianza kutetemeka.

"Mahali," alisema. "Baba Wamboi, ni mahali." Akaketi juu ya mkungu wa ndizi na kucheka mpaka kilemba kikateleza.

"Kwani mlifikiri nini?" Wabwile aliuliza.

"Tulifikiri unaleta ng'ombe," Mama alisema akifuta machozi.

Baba naye akaanza, kicheko chake kile cha kuchelewa kinachotoka tumboni. Bethwel akacheka kwa sababu wageni wanacheka. Wabwile aliniangalia, akaangalia chini, masikio yake yakabadilika rangi. Na mimi nilicheka pia, kwa nguvu, kwa sababu asiyecheka angeulizwa kwa nini. Lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimeshuka kama lifti.

Bethwel alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta, akakinusa.

"Mzee, nani aliongeza oili huku?"

Baba alikohoa. "Ilikuwa imepungua kidogo. Kulikuwa na ile ilibaki ya trekta."

"Ya trekta."

"Si ni oili?"

"Na nikikupikia chakula cha ng'ombe," Mama alisema, "si ni chakula?"

Bethwel alisema giaboksi haijakufa. Ina oili nene isiyo yake, ndiyo maana inasukuma gia kwa hasira. Aimwage, abadilishe chujio, aweke oili inayotakiwa, na kama Mungu akipenda turudi Kitale bila kuinamiana. Baba alimshika mkono wote mpaka kwenye kiwiko, oili na yote. Tukakaa tukila ndizi na mikate tuliyomletea Bethwel, na yeye akafanya kazi akiimba. Kuku alifunguliwa akaanza kuchunguza lori.

Kazi ilipokwisha, Bethwel alimwambia Baba waende barabara ya Kibabii wajaribu. Mama alisema hawezi kukosa. Gari likatoka uwanjani. Nililisikia likibadilisha gia moja, mbili, tatu, bila hata kukohoa, mpaka likaisha masikioni.

Tulibaki wawili kwenye benchi la mbao, kukiwa na maganda ya ndizi katikati yetu.

"Wamboi," Wabwile alisema. Kila siku huniita Mwalimu. "Nimewaaibisha."

Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Nilikuwa nasema mahali." Aliishika ile l kwa ulimi kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. "Mahali pa kutengeneza. Huyu fundi wa Kitale ni rafiki ya mzee, niliogopa kumwambia mapema kuna mwingine. Hiyo tu ndiyo nilikuwa naogopa."

"Najua."

"Wakirudi nitamweleza mzee vizuri, tena mbele ya mama. Asifikiri niliwachezea. Maneno ya msichana wa watu si ya kusema nyuma ya kiti kwa gari. Mimi hata kama ningekuwa na hayo maneno..." Akaokota ganda la ndizi, akalikunja, akalirudisha palepale. "Nitamwambia sikuwa namaanisha."

Kwa mbali nilisikia injini. Gari lilikuwa limegeuza, linarudi, na sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba nilijua kuanzia Jumatatu hakuna kitabu kitakachoanguka. Nilitafuta sentensi ya kitabu, yoyote, sikuipata.

"Usimwambie," nilisema.

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba hukumaanisha."

Aliniangalia. Lango la gereji likafunguliwa, honi ikalia, na Mama alikuwa akipunga mkono dirishani. Nilisema haraka kabla hawajashuka, nikiitamka kila herufi mahali pake:

"Kwa sababu pale Kamukuywa, uliposema, mimi niliomba Mungu iwe mahari."