Kopa ya Tano

"Mama Agneta, kwani mzee wako hungojea karata gani isiyofika?" Wangui, jirani muuza sukuma wiki, aliwahi kumuuliza Perez hivyo wakiwa kwenye foleni ya maji pale Nyalenda. Perez alimjibu kwamba ni kopa ya tano, akasogeza mtungi wake.

Mwaka wa themanini na nane, mvua zikinyesha, mzee huyo, Zadock, alikufa kwa homa. Siku ya kumpeleka Katito kuzikwa, jeneza lilikuwa sebuleni na lori linanguruma nje. Dereva alipiga honi, akanyamaza, akapiga tena. Maji yalikuwa yanapanda barabarani Ahero. Chini ya turubai lililopigwapigwa na upepo, wanaume walikuwa bado wanacheza poka, kama ilivyo desturi ya matanga, kila mshindi akiachia kamati ya mazishi kidogo. Zadock aliposikia karata zikichanganywa alisukuma kifuniko cha jeneza, akatoka na suti yake, akaja mezani. Walimsogezea kiti. Mchungaji alimwomba asikawie.

Kamati ilikuwa imeweka dau moja, hakuna kupandisha. Perez hakupenda kamari, lakini alikuwa amewapelekea wachezaji chai miaka mingi. Alijua dau la namna ile haliumi. Linakulamba tu mpaka mfupa. Ukishika kopa nne na meza imejaa watu, ngoja ya tano, kwa maana ikija italipia zote zilizokunyima. Mkibaki wawili, weka karata chini ukanywe chai. Zadock hakuwahi kuweka chini.

Wengine waliweka chini. Akabaki yeye na Gordon, ndugu yake. Mifuko ya suti ilikuwa mitupu, basi Zadock akataja cherehani. Kamati ilikubali iliwe dau kwa dau: kwanza meza yake, halafu gurudumu, mwisho kichwa.

Meza ikaenda. Gurudumu likaenda.

"Baba Agneta, weka chini," Perez alisema. "Mmebaki wawili."

"Kopa bado ziko, mama."

"Hiyo cherehani nilinunua na ng'ombe wa mamangu. Ndiyo inalisha watoto."

Wanaume walimtazama mchungaji. Mchungaji alifikiri, akasema angekuwa hai wangeweza kujadiliana naye, lakini neno la marehemu ni wosia. Waombolezaji wakaitikia amina. Zadock akapewa karata ya mwisho. Ilikuwa jembe, si kopa.

Gordon aliuliza kama kile kichupa cha mafuta ya cherehani kinakuja pamoja nayo. Akaambiwa ndiyo. Nje honi ililia kwa muda mrefu.

Zadock alikusanya karata, akageuka akaitazama nyumba.

"Gawa," alisema. "Bado kuna mabati."

Wanaume wakageuka pia, wakaanza kuyahesabu. Perez aliweka birika chini, akakaza leso, akamshika binti yake Agneta mkono, wakaondoka.