Safu Mbili Ubaoni

Kila mwaka ni yale yale. Nawapa wanafunzi wangu wa sheria hukumu mbili, nachora safu mbili ubaoni, zinapofanana na zinapotofautiana, na kabla sijaweka chaki chini mtu wa nyuma ameshapayuka, "Mwalimu, huyu kashinda, huyu kashindwa!" Nani kakuuliza aliyeshinda? Anza na yaliyotokea. Kisha swali lililokuwa mbele ya mahakama. Kisha sababu. Mshindi aje mwisho.

Jumatatu hii niliwapa wajane wawili, majina nimeyafuta kwa wino mweusi. Wote walifukuzwa na mashemeji kwenye nyumba walizosaidia kujenga. Wote walishindwa mahakama ya chini kwa sababu ile ile, kwamba hati ilikuwa na jina la mume peke yake. Wa kwanza alikata rufaa, akarudishiwa nyumba. Wa pili rufaa yake ilitupwa. Huyo wa pili ni dada yangu, aliyenilea na kunisomesha, na wanafunzi hawakujua.

Sikuwapa kwa ajili ya mtihani, niseme ukweli. Nilitaka katika vichwa arobaini kimoja kione nilichokikosa, wosia, watoto, chochote, ili niambiwe kwamba dada angeshindwa tu hata iweje.

Walihangaika saa nzima. Mmoja akasema wa kwanza ana watoto wanne, wa pili watatu. Nikamwuliza hakimu amelitumia wapi hilo katika sababu zake. Akakaa chini kanywea, na mimi nikaumia kuliko yeye. Ndipo binti tunayemwita Darubini, kwa kuwa husoma hadi maandishi madogo ya chini ya ukurasa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hawa wanalingana kila kitu. Tofauti ni tarehe tu. Wa kwanza alikata rufaa siku ya tisa. Wa pili siku ya thelathini na nne, na mwisho ni thelathini. Hoja zake hazikusikilizwa kabisa."

"Wakili wake alikuwa amelala?" mwenzake akadakia. Darasa likaangua kicheko.

"Hakuwa na wakili," nikasema. "Aliandikiwa na mdogo wake."

"Sasa si wangetafuta mtu anayejua sheria?"

Nikafuta ubao. Hoja zile zilikuwa tayari mezani kwangu tangu siku ya sita, kurasa tatu, zinajitosheleza. Lakini mimi na kurasa tatu wapi na wapi! Nikaongeza hukumu ya nne, ya saba, ya kumi na moja, nikilinganisha na kupanga, nikiamini kwamba katika zile siku thelathini zinahesabiwa siku za kazi pekee. Sikufungua kitabu kuhakikisha. Mwalimu mzima nifungue kitabu kwa jambo dogo kama hilo?

Jioni nilimkuta dada akifunga vyombo kwa magazeti. Amepewa mpaka Jumamosi awe ametoka. Nakala nilizompa za zile hukumu mbili alikuwa ameziweka juu ya ndoo iliyofunikwa, zimekunjwa vizuri.

"Mdogo wangu, lugha zenu hizi zinanishinda," akasema. "Hebu niambie wewe. Mimi na huyu mama tumetofautiana wapi?"

Miaka kumi na tisa nafundisha swali hilo.

"Mahakimu tofauti, dada."

Akatafakari kidogo, akaridhika.

"Basi. Wewe ulijitahidi, Mungu anakuona," akasema, akanisogezea sahani nizifunge.