Chuma Juu ya Vitambaa

Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umejaa mabondeni, na manyunyu ya usiku yalikuwa yameyaacha mawe ya barabara yakiteleza kama sabuni.

Mukandayisenga alikuwa anahamisha karakana yake ya ushonaji kutoka Biryogo kwenda Kibagabaga. Mali yenyewe ilikuwa vyerehani vya chuma pamoja na miguu yake, na majora ya vitenge. Alikuwa ameomba tangu alfajiri, na pikapu ilipofika akaliwekea mkono boneti, akaomba tena.

Usumani, mwenye pikapu, aliinua cherehani cha kwanza.

"Hicho kisubiri," Mukandayisenga akasema. "Vitambaa viende chini, vyerehani juu."

"Chuma juu, Mama Keza?"

"Kitambaa hakikai juu ya cherehani. Kikilowa mafuta ya mashine, nani atakivaa?"

Hiyo ndiyo sheria ya mafundi. Mtu hufundishwa kabla hajatia uzi kwenye sindano. Kisha akaongeza alichopata jana yake katika masomo ya jioni, maana alikuwa amerudi darasani utu uzima, na kila neno la Mwalimu Ndayisaba alilibeba kama yai.

"Mwalimu alisema tungamo la kitu halibadiliki. Ukikipeleka mwezini uzito utapungua, kwa sababu mwezi unavuta kidogo, lakini chuma ni kile kile. Kama mwezi haukibadilishi, sembuse gari lako?"

Usumani akacheka. "Basi miaka yote nimejichosha bure kupanga mizigo."

Somo hilo lilikuwa na nusu ya pili. Ngurumo ilipoanza jioni hiyo ya jana, Mukandayisenga alikuwa ameondoka mbio kwenda kuanua vitambaa vya wateja, na pale mlangoni mwa darasa ikamfuata sentensi moja ya mwalimu ambayo hakuielewa: kitu hakipinduki kwa kuwa ni kizito, hupinduka pale kitovu cha uzito wake kinapotoka nje ya miguu yake.

Béatha, rafiki yake na fundi mwenzake, alipanda juu ya mzigo kuvishikilia vyerehani. Mukandayisenga akakaa mbele, kulia kwa Usumani. Wakaondoka.

Walipokuwa wanapanda kilima cha Kibagabaga, lori likatokea kwenye kona likiteremka. Usumani akalipisha. Magurudumu ya kulia yakakanyaga ukingo wa mtaro, na pikapu ikalala upande. Haikuanguka. Ilisimama ikitetemeka, magurudumu ya kushoto yakiwa yamening'inia hewani.

Juu yao chuma kikasugua chuma.

"Dada," Béatha akaita kwa sauti ndogo. "Dada, vinakuja."

Usumani akafungua mlango wake upande wa juu. Alipoinua kiuno tu, gari likazidi kulala. Mukandayisenga akamshika shati.

"Rudi ukae. Wewe ndiye unayetushikilia."

Akarudi. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Mke wangu kila siku ananisema unene," akanong'ona. "Utamwambia."

Mukandayisenga alifungua mlango wa upande wa mtaro, akateleza nje, gari zima likiwa limemwinamia kichwani. Alitambaa hadi barabarani. Hapo ndipo alipomwona Béatha akipeleka mguu upande wa chini, tayari kuruka mtaroni.

Sala zote alizozijua zilimkimbia. Likabaki neno Mungu, na nyuma yake ile sentensi ya mlangoni. Sasa aliielewa, na kuielewa kukamtisha zaidi. Vitambaa vyepesi chini, chuma kizito juu, na juu ya chuma mtu. Kitovu chote cha uzito alikuwa amekipandisha yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Béatha akirukia huko, vyerehani vitamfuata.

"Béatha, usiruke. Lala kifudifudi."

"Ninaogopa."

"Hata mimi. Lala."

Béatha akalala. Madereva wa pikipiki walikuwa wameanza kusimama, pamoja na mama mmoja mwenye kikapu cha viazi. Mukandayisenga akawasihi waning'inie kwenye ukingo wa juu wa pikapu, wote, wasiachie. Mama wa viazi akatua kikapu chake na kutangulia. Gari likalia, kisha gurudumu la mbele likashuka kidogo.

"Sasa tambaa uje kwetu. Polepole."

Béatha alitambaa kwa tumbo. Goti lake lilipogusa cherehani cha mwisho, kikateleza, kikaangukia mtaroni pale pale alipotaka kuruka, kikavunjika shingo. Alipofika ukingoni, mikono ikampokea. Watu waliendelea kuning'inia hadi vyerehani vyote viliposhushwa, na magurudumu ya kushoto yakakanyaga mawe.

Usumani akatoka. Akaketi chini.

"Mama Keza, huo mwezi wako," akasema, "safari nyingine uende peke yako."

Madereva wakacheka. Béatha hakucheka. Alikuwa amejikunyata, kanga ya mama wa viazi mabegani.

"Dada, niahidi kitu, hawa watu wakisikia."

Mukandayisenga akauangalia mtaro, akainua mkono wake wenye matope.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, mlioning'inia kwa ajili ya mtu msiyemjua: katika mzigo wangu chuma kitakaa chini, hata kama mafuta yataharibu kila jora nililo nalo. Na juu yake sitampandisha mtu tena."