Pete Ndani ya Kopo la Sukari

Usiku wa jana niliota narudia kuipekua nyumba ya Mbwilo. Hati ya upekuzi ilinitangulia ikitembea kwa miguu yake yenyewe, ikijisoma kwa sauti: "Televisheni moja ya wizi, inchi thelathini na mbili. Basi."

Mzee Kibwana, mjumbe wetu wa nyumba kumi, hakuwepo. Kisheria ndiye shahidi, lazima aone kila ninachogusa. Nami, kama siku ile yenyewe, nikaona kumngoja ni kujichelewesha tu, atasaini baadaye. Haraka haraka haina baraka, najua, lakini nani aliwahi kupandishwa cheo kwa baraka?

Nafungua kabati. Televisheni imo, inakunywa chai.

"Umeshanipata," inasema. "Nenda nyumbani."

Lakini mkono wangu umeshafika kwenye kopo la sukari.

"Koplo," inauliza hati, "televisheni inaenea humo?"

"Haienei."

"Sasa unatafuta nini?"

Kopo likajifungua. Ndani mlikuwa na pete iliyochongwa jina la Siwema, binti aliyepotea miezi mitatu iliyopita. Ilikuwa ikilia, na sukari yote imelowa.

"Nifunike," ikaniambia. "Simama mlangoni, mwite mjumbe, kaombe hati yangu mimi. Ukinichukua hivi hivi, wakili wa Mbwilo atanitupa nje ya ushahidi."

Nikaitia mfukoni. Siku ile niliitia mfukoni, na ndotoni nikaitia tena. Roho iliniuma, ila mkono haukusikia.

Mara niko mahakamani. Hakimu ni mhuri mkubwa wa mbao. Mzee Kibwana amesimama mbele yake, kanzu imelowa jasho.

"Mwanangu," ananiambia, "ulinikuta jioni natoka kuswali, ukanipa kalamu. Nilishuhudia nini mimi?"

Mhuri ukajigonga mezani mara moja. "Mbwilo atajibu wizi wa televisheni. Pete haipo."

Nikapapasa mfuko. Kweli, haikuwepo.

Bi Mwamvua, mama yake Siwema, akainuka polepole kutoka benchi la nyuma. "Afande, mimi ndiye niliyemvika pete hiyo. Niandike shahidi."

Nikatafuta karatasi, hata moja. Hati ilikuwa imeshajiendea zake.

"Haidhuru," akasema. "Kuandika kwenyewe sijui." Akanishika mkono wa kulia, akabonyeza dole gumba lake katikati ya kiganja. Lilikuwa la baridi.

Nikaamka. Kiganjani kuna alama ya dole gumba, ya wino wa buluu, ndogo kuliko ya dole langu. Nimeisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi inawasha. Naona haya, na naogopa.

Kesi ya Mbwilo inaanza saa tatu asubuhi hii. Shahidi wa kwanza ni mimi. Natakiwa kuinua mkono huu niape kwamba Mzee Kibwana alikuwepo.