Stelingi Aliyeshinda Mgomo Wetu

Wahakiki waliandika kwamba picha ile ya sinema ilianguka kwa sababu ya nywele. Eti Yashvir Malhan, mtu wa miaka hamsini na kitu, alivishwa nywele za bandia na kuvutwa ngozi ya uso ili awe kijana wa miaka ishirini na tano, na watazamaji wakashindwa kuvumilia. Mwingine akaandika kwamba nyimbo zilizidi. Mwingine akalaumu mwandishi wa hadithi. Waache waandike, wanaingia bure. Sisi wa mtaa wa Lalbaug tulioingia kwa tiketi tunajua kilichoiangusha, na hakuna gazeti lililokuja kutuuliza. Magazeti hayakutuuliza wakati wa mgomo, yatatuuliza leo?

Lakini siku ile sikuomba picha ianguke kwa ajili ya hasira zangu. Niliomba kwa ajili ya Indumati Ghadi.

Indumati ni mjane wa rafiki yangu Vasant. Mimi na Vasant mashine zetu zilitazamana katika kiwanda cha nguo cha Premraj. Mwaka wa themanini na mbili, viwanda vya Bombay viliponyamaza vyote, tuligoma pamoja na tukafungwa pamoja. Yeye akaachiwa kabla yetu. Alikuwa anatema damu, mapafu yamejaa vumbi la pamba, na polisi hawakutaka maiti kwenye selo yao. Lakini mtu mwenye njaa haulizi habari za mapafu. Anauliza: kwa nini yeye katoka na mimi bado nimo? Watu wakanong'ona kwamba Vasant ametaja majina ya wenzake. Alikufa na mnong'ono ule masikioni. Baadaye mgomo ukashindwa, viwanda vikafungwa, na pale tulipokuwa tukifuma nguo pakajengwa maduka ya vioo ambako mlinzi anaanza kukutazama viatu ndipo akutazame uso. Watu wakapata mengine ya kunong'ona. Jina la Vasant likapumzika.

Miaka zaidi ya thelathini ikapita, ndipo ikaja picha hiyo. Raja wa Girangaon. Girangaon ni sisi, mitaa ya viwanda, na raja wetu, yaani mfalme, kumbe alikuwa Yashvir Malhan. Mabango yalifunika kuta za mtaa mzima: kasimama mbele ya bomba la moshi, vifungo vya shati wazi, shati lenyewe limepigwa pasi. Mfanyakazi wa chumba cha pamba, shati limepigwa pasi!

Asubuhi moja nilikuwa kwa Indumati nakunywa chai, akaingia Dattu, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Dattu alikuwa amechukuliwa kwenye picha ile kujaza umati wa wagomaji.

"Shangazi, nisikufiche," akasema, na bado kasimama mlangoni. "Mle ndani kuna mtu ana vidole vitatu."

Indumati akaacha kupepeta mchele. "Mkono upi?"

"Wa kushoto."

"Anaitwaje?"

"Vasya."

Hivyo ndivyo sisi wote tulivyomwita Vasant. Vidole vyake viwili viliondoka na mashine.

"Walikuwa na mshauri," Dattu akaeleza haraka, kama anayetaka kushusha mzigo. "Meneja mmoja wa zamani wa Premraj. Kila siku anakaa kitini anawasimulia. Mpaka mapumziko yanafika, mtazamaji hajui kitu. Anamwona tu Vasya anazungusha chai. Baada ya mapumziko ndipo inajulikana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anamuuzia tajiri siri za chama cha wafanyakazi. Yashvir anamburuta mpaka langoni. Mkewe anakuja, anamtemea mate mbele ya umati."

"Mkewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yaani mimi?"

Dattu akatazama vidole vya miguu yake.

Mimi nilikwisha simama. "Kesho bango halibaki ukutani! Nitaita watu, nitaleta bendera nyeusi, tutalala mlangoni mwa ukumbi..."

"Shemeji, kaa chini."

"Nikae? Wanamzika Vasant mara ya pili, nikae?"

"Ukichoma bango moja, jioni uko kwenye runinga. Kesho nchi nzima inataka kujua nini kimekuchoma wewe, Gangaram Shelar. Utawauzia tiketi kuliko Yashvir mwenyewe."

Nimeona picha mbovu ngapi zikijaa kumbi kwa sababu wapumbavu walivunja vioo vyake?

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Mara moja tu katika maisha yako. Jaribu, hutakufa."

"Naweza kufa."

"Basi ufe kimya, mjukuu wangu aolewe."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Ketaki, mjukuu aliyemlea mwenyewe tangu akiwa mchanga, alikuwa amepata mchumba, Omkar Palav wa Bhandup, kijana mpole anayetengeneza lifti. Na baba yake Omkar alikuwa mtoto wa mfumaji. Mgomo uliwamaliza, akaacha shule akabeba mboga kichwani. Siku ya kwanza walipokuja kuposa alituambia, chivda, vile vitafunwa vya mchele wa kukaanga, imemjaa mdomoni, kwamba mtu wa ukoo wowote anakaribishwa kwake isipokuwa damu ya msaliti wa mgomo. Akacheka. Sisi tukacheka naye. Indumati hakulala wiki nzima.

Mtu huyohuyo alimpenda Yashvir kama ndugu. Picha ya Yashvir ilitundikwa ukutani kwake, chini kidogo ya miungu. Kwa hiyo alipopiga simu kusema kwamba amekata tiketi za familia zote mbili, onyesho la kwanza la Ijumaa, na kwamba Jumapili, akimpa Ketaki sukari ya kufunga uchumba, tuile tukiwa na furaha ya picha, hakukuwa na la kushangaza.

"Sema unaumwa," nikamshauri Indumati.

"Nikiumwa atakwenda bila mimi, na mimi nitalala hapa nasubiri simu. Bora nikae kando yake. Akigeuka kunitazama, anikute."

Ijumaa ukumbi wa Nandadeep ulijaa mpaka ngazini. Yashvir alipotokea, watu walirusha sarafu kwenye pazia, miluzi ikapaa, Bwana Palav akainuka akacheza kwenye njia ya katikati, yeye na tumbo lake. "Mzee, mtazame!" akanipigia kelele. "Mtazame simba!" Nilitabasamu kwa meno. Indumati alikaa katikati yetu, mkoba umebanwa kifuani. Mtu wa vidole vitatu alipopita na birika la chai, alifumba macho.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wahakiki walipolala.

Stelingi hapigwi kofi. Hiyo ndiyo sheria ya picha za watu wakubwa. Dattu aliniambia kwamba katika hadithi ya mwanzo polisi walimpiga Yashvir, wasaidizi wake wakakataa: mashabiki hawatakubali. Ikaandikwa analala njaa, wakakataa: stelingi hawi na njaa. Ikaandikwa mgomo unashindwa, wakacheka kabisa: Yashvir ashindwe? Basi wakampa ushindi. Siku ya tatu ya mgomo, siku ya tatu jamani, tajiri anapiga magoti, king'ora kinalia, wafanyakazi wanamwagiwa maua, na Yashvir anaruka moja kwa moja kwenda kuimba na binti wa tajiri kwenye milima ya theluji.

Hakuna mluzi. Unasikia feni tu.

Halafu huko nyuma sauti ya bibi mmoja ikapanda: "Kumbe tulishinda? Mbona hamkuniambia? Nimeuza sufuria zangu zote bure!"

Watu wakapasuka kwa kicheko.

"Yashvir, nirudishie kazi yangu basi!"

"Mwambie ashuke kwenye theluji, kodi ya nyumba bado!"

"Muulizeni viatu hivyo kanunua duka gani la ushirika!"

Walicheka mpaka wimbo haukusikika. Ila kicheko kile kilikuwa na kitu kingine ndani. Mzee aliyekaa mbele yangu alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaendelea kujifuta baada ya kicheko kuisha. Ukitaka kumdanganya mtu kuhusu mwezi, mdanganye, hajafika. Usimdanganye kuhusu siku alizolala njaa. Nywele za bandia tungezisamehe. Sisi tumezeeka pia.

Taa za mapumziko zikawaka. Indumati alikuwa mweupe kama unga.

Tulitoka ukumbini kununua chai na vada za viazi. Bwana Palav alishika vada yake bila kuila. Mkewe akamwambia mafuta yanamdondokea shati. Hakusikia.

"Baba yangu," akasema mwishowe, "alirudi kijijini kabeba godoro kichwani. Nauli ya mzigo hakuwa nayo. Nilimfuata nyuma nalia. Na huyu anacheza kwenye theluji."

Omkar akajaribu mzaha. "Baba, si simba wako huyo?"

"Simba gani? Simjui mtu huyo." Akampa mbwa wa mlangoni vada yake. "Mimi sirudi ndani."

"Na tiketi?" mkewe akauliza.

"Tiketi nimelipia matusi ya nusu ya kwanza. Ya nusu ya pili nawaachia wenyewe."

Kengele ya kurudi ndani ikalia. Niliwatazama watu: baadhi waliingia kwa kujikokota, wengi walikuwa wanashuka ngazi za barabarani. Indumati alitazama mlango wa ukumbi, akamtazama Palav.

"Kweli huingii, ndugu yangu?"

"Ninyi mkitaka, ingieni."

"La, la, la! Tunakufuata wewe. Wewe ndiye mwenyeji."

Sijapata kumwona bibi wa umri ule akishuka ngazi kwa kasi namna ile. Ketaki ilibidi amshike pindo la sari asianguke. Kule ndani Vasya wa uongo alikuwa anakaribia kuburutwa mbele ya viti vitupu, na sisi tuko barabarani tunagombania teksi.

Jumamosi vijana wa chama fulani cha siasa walinijia na bendera zao zimekunjwa tayari. Wamesikia picha inawadhalilisha wafanyakazi, wanataka mzee wa kusimama mbele. Kamera zitakuja, wakasema. Nikawaambia jino linaniuma. Jioni ile onyesho la Nandadeep halikupata watu wa kujaza safu mbili. Jumapili asubuhi, nikienda dukani, nilimkuta mtu kwenye ngazi anabandika bango la picha nyingine juu ya uso wa Yashvir. Nikasimama nikamtazama mpaka akamaliza pua. Niliporudi, Indumati aliponiuliza kwa macho, nikamwambia, "Imeondolewa." Akakaa chini palepale jikoni, kwenye sakafu, akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Wapalav walikuja mchana na sukari yao imefungwa kwenye karatasi ya dhahabu. Ketaki alivaa sari ya kijani. Kuhani akachelewa, kama kawaida yao, na tukawa tunangoja. Ndipo Bwana Palav akasema, kwa kutaka mazungumzo tu:

"Hivi yule mtu wa birika, wa vidole vitatu, alikuwa na kazi gani mle? Nilidhani atakuwa na jambo."

Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni mwangu. Indumati angeweza kusema hajui. Tuliondoka pamoja, nani angemuuliza zaidi?

"Mume wangu alikuwa na vidole vitatu," Indumati akasema.

Ketaki akainua kichwa.

"Viwili vilichukuliwa na mashine. Ndiye aliyetunza sanduku la chama, na ndiye aliyekuwa akigawa mchele langoni wakati wa mgomo. Akafungwa pamoja na shemeji huyu hapa. Utakuja kusikia kwamba alitoka mapema kwa sababu aliuza wenzake. Alitoka kwa sababu alikuwa anatema damu. Walimtoa amelazwa juu ya mlango, maana machela hawakuwa nayo. Mle kwenye picha walimfanya msaliti. Kwenye nusu ya pili, tuliyoikimbia. Sasa umesikia kwangu, kabla hujampa mtoto wangu sukari."

Mke wa Palav alimgusa mumewe goti. Mimi nilijiandaa, maneno yamepangana kooni kama askari.

"Juu ya mlango?" akauliza.

"Mlango wa choo cha polisi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mlango. Na mchele langoni." Akageuka kwa mwanawe, kama aliyeibiwa kitu. "Hiyo mbona hawakuiweka? Hiyo ningekaa mpaka mwisho!"

Akamwita Ketaki asogee, bila kumngoja kuhani, na kumwekea sukari mikononi.